Uchungu wa Saa 39: Wakunga Wanajibu Barua Zenu

Barua za toleo hili ni tatu, na zote zinahusu uchungu uliokawia. Tumezifupisha bila kubadili maana. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake aliweka kumbukumbu ya saa na sentimita, jambo linalotuwezesha kuufuata uchungu wake hatua kwa hatua.

SWALI: Nimejifungua mtoto wa kwanza wiki 6 zilizopita. Uchungu ulinianza Jumapili saa 2 usiku, mtoto akazaliwa Jumanne saa 5 asubuhi. Jumatatu saa 4 asubuhi nilipimwa njia nikaambiwa sentimita 2, nikarudishwa nyumbani. Saa 11 jioni nikawa na 4, saa 3 usiku 5, saa 7 usiku 6, saa 11 alfajiri 7. Wakanipasua chupa na kunitundikia dripu ya uchungu. Saa 3 asubuhi njia ikawa imefunguka yote, nikasukuma saa 2 nzima, mwisho mtoto akavutwa kwa vakyumu, kile kikombe kinachonasa kichwani. Alitoka uso ukiangalia juu. Mgongo ndio ulioniua, kuliko hata tumbo. Mawifi zangu wanasema nilikuwa mvivu wa kusukuma. Je, kosa lilikuwa langu? Na wa pili atakuja hivihivi? *Mama wa mtoto wa kwanza, Tanga*

JIBU: Pole sana, mama, na hongera. Kosa halikuwa lako, na hesabu zako mwenyewe zinakutetea.

Saa 39 ulizopitia si za aina moja. Tangu Jumapili usiku hadi Jumatatu saa 3 usiku, yaani saa 25, ulikuwa kwenye uchungu wa mwanzo. Hapo shingo ya kizazi inalainika, inakuwa fupi, inaanza kufunguka kidogo kidogo. Kipindi hiki hakina muda maalumu, na kwa mimba ya kwanza kinaweza kula usiku na mchana mzima bila kuwa ugonjwa. Ndiyo maana ulirudishwa nyumbani ukiwa na sentimita 2. Ila aliyekurudisha alipaswa kukueleza sababu, na kukuambia urudi mara moja uchungu ukifika mara 3 ndani ya dakika 10, chupa ikipasuka, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza.

Uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5 hadi njia ifunguke yote. Kwako ni Jumatatu saa 3 usiku hadi Jumanne saa 3 asubuhi: saa 12. Kwa mzazi wa kwanza kipindi hiki kwa kawaida hakipiti saa 12, kwa aliyekwisha kuzaa hakipiti saa 10. Ulifika ukingoni, hukuvuka. Na kusukuma saa 2 kuko ndani ya saa 3 anazopewa mzazi wa kwanza, mradi yeye na mtoto wana hali nzuri.

Kuna jambo hapa ambalo mama wengi hawaambiwi. Kwa miaka mingi wakunga tulifundishwa kwamba njia lazima ifunguke sentimita 1 kila saa. Mstari huo ulikuwa kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu iliyotokana na kazi ya madaktari Philpott na Castle, waliyoichapisha mwaka 1972 kutoka jiji ambalo leo ni Harare. Karatasi ile imeokoa wazazi wengi, maana ilimlazimisha mkunga kupima, kuandika na kumpa mama rufaa mapema. Lakini wanawake wengi wanaozaa salama hawaendi kwa kasi hiyo. Kwa mstari wa zamani, wewe saa 7 usiku ukiwa na sentimita 6 ungehesabiwa umekwisha kuvuka mstari wa hatari, na huenda ungepelekwa kwenye kisu. Shirika la Afya Duniani liliacha kipimo hicho mwaka 2018, na mwaka 2020 likatoa karatasi mpya ambayo kila sentimita ina muda wake: ukikaa kwenye 5 kwa saa 6 bila kusogea, au kwenye 6 kwa saa 5, au kwenye 7 kwa saa 3, hapo mkunga ashtuke. Wewe ulitumia saa 4 kutoka 5 kwenda 6, na 4 nyingine kutoka 6 kwenda 7. Polepole, lakini ulikuwa unakwenda.

Sasa sababu. Mgongo ulikuuma kuliko tumbo, na mtoto akatoka akiangalia juu. Maana yake kisogo chake kilielekea uti wako wa mgongo badala ya kuelekea mbele. Mtoto aliyekaa vizuri huinamisha kidevu kifuani na kutanguliza utosi wa nyuma, na kipimo cha kichwa kinachopita nyongani ni kama sentimita 9.5. Aliyegeuza kisogo nyuma mara nyingi hainamishi kichwa sawasawa, na kipimo kinafika kama sentimita 11.5. Tofauti ni upana wa vidole viwili vyembamba, lakini ndani ya nyonga ni mlima. Juu ya hapo, ili kisogo kije mbele, anatakiwa azunguke zaidi ya theluthi moja ya duara. Wengi huzunguka wenyewe, ila huchukua saa nyingi. Wachache, kama wako, hutoka jinsi walivyo.

Kisogo kikiwa nyuma kinakandamiza njia ya haja kubwa, kwa hiyo mama anasikia hamu ya kusukuma wakati njia bado sentimita 7 au 8. Akisukuma hapo, shingo ya kizazi inabanwa kati ya kichwa na mfupa, inavimba, na kufunguka kunazidi kukawia. Kinachosaidia ni kupiga magoti na kushika kitanda kwa mikono, kupumua kwa pumzi fupi fupi, na mtu wa kukandamiza kiuno kwa kiganja kila uchungu unapokuja. Mkao huo hauna uhakika wa kumgeuza mtoto, lakini unaupumzisha mgongo. Basi mawifi wasikilize: bidii ya mama haigeuzi kichwa kilichokaa vibaya, na mtu asiyelala siku mbili hana nguvu za kusukuma kama aliyeamka sasa hivi.

Wiki hii ya 6, nendeni kliniki nyote wawili. Kama vakyumu ilimwachia uvimbe laini kichwani, ulipaswa kuisha ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe uliobaki upande mmoja tu bila kuvuka kiungo cha mifupa ni damu iliyokusanyika chini ya utando wa mfupa. Huo huchukua wiki, hata miezi, na haupasuliwi wala haukandwi. Wewe mwambie mkunga kama mkojo unakuponyoka ukikohoa au kucheka, kama kidonda cha kuongezewa njia bado kinauma, na kama usiku unaamka ukiona tena chumba cha leba na moyo kwenda mbio. Hilo la mwisho nalo lina tiba, usilimeze kimya.

Kuhusu wa pili: mara nyingi uchungu wa pili ni mfupi, kwa sababu shingo ya kizazi na njia vimekwisha kufunguka mara moja. Mtoto kugeuza kisogo safari hii si lazima kujirudie. Ila usije ukakaa nyumbani ukisubiri saa 25 tena. Toka mapema, na uende na kadi iliyoandikwa kwamba ulizaa kwa vakyumu na kwa sababu gani.

SWALI: Mwanangu ana mimba ya nne. Ya tatu ilimchukua usiku na mchana. Shangazi yake ana mizizi ya kuongeza uchungu, na kuna muuza duka la dawa anayesema ana vidonge. Ampe lini, uchungu ukianza au ukichelewa? *Bibi wa wajukuu watatu, Morogoro*

JIBU: Asimpe kabisa, mama. Wala mizizi, wala vidonge.

Kizazi kikikaza, damu inayompelekea mtoto hewa kupitia kondo la nyuma inapungua. Kikilegea, inarudi. Mtoto anaishi kwenye yale mapumziko. Uchungu mzuri ni mara 3 hadi 5 ndani ya dakika 10. Ukizidi 5, mapumziko hayatoshi na mapigo yake yanaanza kushuka. Ndiyo maana hospitali dawa ya uchungu hupitishwa kwa dripu, ikianza matone machache kwa dakika, ikiongezwa taratibu huku muuguzi ameshika tumbo na kuhesabu. Ikizidi, anafunga dripu na nguvu ya dawa inaanza kupungua baada ya dakika chache. Mzizi uliokwisha kunywewa haufungwi. Kidonge nacho ni hivyo hivyo.

Kwa mimba ya nne hatari ni kubwa kuliko ya kwanza. Kizazi cha mzazi wa kwanza kikizuiwa aghalabu huchoka na kulegea. Cha aliyezaa mara nyingi huendelea kusukuma, na kama mtoto amekaa vibaya au ni mkubwa kuliko safari zilizopita, kinaweza kupasuka. Dalili yake inadanganya: uchungu uliokuwa mkali unakatika ghafla, watu wanashukuru, kumbe maumivu yamegeuka ya moja kwa moja, mama anatoka jasho la baridi na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Hapo ni chumba cha upasuaji mara moja, bila kungoja.

Kama ameshakunywa kitu, semeni mkifika mapokezi. Mkunga asiyejua anaweza kuweka dripu juu ya mzizi.

Kazi yako, bibi, ipo, tena kubwa. Mpe uji mwepesi au chai ya sukari kidogo kidogo, maana mwili wenye njaa hauna uchungu wa nguvu. Mkumbushe akojoe kila baada ya saa 2, kwa sababu kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kushuka. Mtembeze. Na umuulize mkunga bila woga: mapigo ya mtoto ni mangapi? Jibu liwe kati ya 110 na 160 kwa dakika, yasikilizwe angalau kila nusu saa, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Maji ya chupa yakitoka ya kijani, mwite mtu papo hapo. Mtu akitaka kulala juu ya tumbo la mama au kulisukuma kwa viwiko ili mtoto atoke, mkataze.

SWALI: Mdogo wangu alikaa na uchungu siku mbili kijijini, mtoto akazaliwa amekufa. Siku ya 6 akaanza kutokwa na mkojo bila kujua, usiku na mchana. Watu wanasema amerogwa, mume amehama chumba. Leo ni siku ya 11. *Dada, Kigoma*

JIBU: Poleni kwa msiba. Hilo ni fistula, na kilicholeta ni uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto kilikwama na kubana kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi mpaka nyama ikakosa damu. Nyama iliyokufa hudondoka kati ya siku ya 3 na ya 10, na tundu linabaki. Siku ya 6 iko humo humo. Hakuna aliyemroga.

Mpeleke hospitali leo au kesho, msingoje mwezi upite. Tundu likiwa dogo na jipya, mpira wa mkojo ukikaa mfululizo wiki 4 hadi 6 unaweza kulifanya lizibe lenyewe bila kisu. Kila siku inayopita inapunguza nafasi hiyo. Asipunguze maji ili asilowe: mkojo mzito unachoma ngozi na kuleta mawe kwenye kibofu. Anywe angalau lita 3 kwa siku, ajioshe kwa maji safi, na apake mafuta ya mgando pale palipochubuka.

Lisipoziba, litashonwa, kwa kawaida baada ya miezi kama 3 kidonda kikiwa kimekauka. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inatibu fistula bila malipo, kwa hiyo hospitali ya wilaya iandike rufaa na muulize hapo hapo kuhusu nauli. Baada ya kushonwa asikutane na mume kwa miezi 3, na mimba itakayofuata azae kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza. Mume naye aende siku ya kwanza ya kliniki, aelezwe na daktari mbele ya mke wake.