Baba Mkubwa, ni Kweli Timu Yangu Inafungwa

Shikamoo Baba mkubwa. Na nyinyi wengine wote kundini, hamjambo.

Maswali nimeyaona. Nilituma picha niliyopiga uwanjani, nimevaa kofia nyeusi, nyuma yangu viti vitupu mpaka juu kabisa. Baba mkubwa akaandika: "Mwanangu, huo ni uwanja au ghala? Nimeulizia, nimeambiwa hiyo timu yako ndiyo kichwa cha mwendawazimu wa Marekani nzima. Umevuka bahari yote hiyo kwenda kushabikia wanaofungwa? Na bati za nyumba ya bibi vipi?" Wengine mkamwaga vikatuni vya kucheka, nimehesabu kumi na saba. Leo sina zamu, chai iko mezani, nitajibu yote. La bati nitalijibu mwisho.

Ni kweli. Timu ni ya besiboli, inaitwa White Sox, yaani Soksi Nyeupe, ya hapa hapa Chicago, upande wa kusini. Msimu wa 2024 ilicheza mechi 162. Si kosa la kuandika, besiboli huchezwa karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Katika hizo 162 tulifungwa 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyofungwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Rekodi waliyokuwa nayo New York Mets ya 1962 ni 120, na wale angalau walikuwa na kisingizio, timu ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Sisi tupo tangu 1901.

Mchezo wenyewe sitauchambua, mtalala. Mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo (la mbao, si hilo mnalolijua), akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alikoanzia. Zamu tisa, sare hakuna. Kitu kimoja tu mkielewe, maana ndicho kinachofanya mateso yawe matamu: ligi hii haina kushuka daraja. Huko nyumbani timu ikiboronga inashushwa, inakwenda kujificha, mashabiki wanapumzika. Hapa unafungwa 121, mwaka unaofuata unarudi uwanjani na soksi zile zile, mpinzani yule yule. Mwaka 2023 tulifungwa 101, ukaja huo wa 121, na mwaka huu wa 2025 tumefungwa 102. Nikawaambia wenzangu kazini kwamba tumeimarika. Wala sikuwa natania.

Msidhani nilichagua wabovu makusudi. Nilipofika 2018 nilipanga chumba upande wa kusini, vituo vichache vya treni kutoka uwanjani. Treni ya mstari mwekundu inapita kwenye viwanja vyote viwili vya mji huu: ukishuka mtaa wa 35 uko kwetu, ukiendelea kaskazini mpaka Addison uko kwa Cubs, ndugu zetu wenye jina na watalii. Hao Cubs nao si wa kuwacheka sana, walikaa bila ubingwa kutoka 1908 mpaka 2016. Mimi nilishuka mtaa wa 35 kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi na mwendo ulikuwa mfupi. Ushabiki mwingi ndivyo unavyoanza, hata kama watu baadaye hutunga hadithi. Tena mwaka 2021 tuliongoza kundi letu, tukaingia hatua ya mtoano. Nilijiona nimeoa vizuri.

Aliyeniingiza kabisa ni mzee mmoja tuliyekuwa naye kazini, dereva wa foklifti, kazaliwa upande huu huu. Na hapa, Baba mkubwa, inabidi nikiri jambo. Niliwaambia niko "kampuni ya usafirishaji", nanyi mkasikia ofisi, mimi nikanyamaza. Lilikuwa ghala. Nilikuwa napanga maboksi kwenye malori usiku, kiuno kinalia. Huyo mzee alikuwa na redio ndogo na daftari la kuandikia mechi, penseli fupi kama kidole gumba nyuma ya sikio. Kila mchezaji ana namba yake ya nafasi: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea. Mpira ukitoka kwa wa sita kwenda kwa wa nne kwenda kwa wa tatu, wapinzani wawili wakatolewa kwa mpigo, anaandika 6-4-3 tu, imetosha. Mpigaji akizungusha gongo akakosa mpira wa mwisho, anaandika K. Lakini akisimama tu, anautazama mpira unapita mbele yake, mwamuzi akamtoa, basi ile K inaandikwa imegeuzwa, inatazama nyuma. Mzee alikuwa akiichora hiyo K ya kinyume taratibu, kwa aibu ya mtu mwingine, kama anayeandika jina kwenye msalaba wa kaburi.

Sasa Julai 2024. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo mpaka Agosti 5 tulifungwa mechi 21 mfululizo. Fikirieni. Kila siku unaamka, unaangalia simu, tumefungwa. Mwezi huo huo pale ghalani wakatupunguzia siku za kazi, kutoka tano kwa wiki hadi mbili, bila maelezo, karatasi tu imebandikwa mlangoni. Ndio mwezi mliokuwa na ile harusi. Nilituma mchango wangu kamili, mkaandika "mtu wa Marekani huyo!", nikajibu "mambo safi". Zile fedha nilikopa, na deni nimelimaliza mwaka huu mwezi wa nne.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nimefungwa. Mnaniuliza nimenunua gari gani, baridi ikoje, narudi lini. Yote ni maswali ya kumuuliza mshindi, nami nimewajibu kama mshindi miaka saba. Sisemi ni kosa lenu, mimi ndiye niliyeanza kutuma picha za mbele ya majengo marefu.

Kwa yule mzee ilikuwa tofauti. Tulikuwa tukikutana kwenye mashine ya kahawa saa tisa usiku, anasema, "Leo tena." Nami najibu, "Leo tena." Salamu imekwisha. Siku moja, nadhani tulikuwa tumefikia kichapo cha kumi na nne au cha kumi na tano, baada ya "leo tena" nikajikuta namwambia kodi ya chumba imenishinda. Ilitoka tu. Hakunipa pole ndefu. Alinipa namba ya mtu aliyekuwa akitafuta watu kwenye karakana ya matairi, na ndiko nilipo mpaka leo. Hilo nalo lilikuwa siri. Sasa mmejua, kazi yangu ni matairi.

Tarehe 6 Agosti tukashinda hatimaye, 5-1, ugenini kule Oakland. Siku mbili baadaye kocha akafukuzwa. Bila shaka hilo mnalielewa bila tafsiri.

Mechi ninayotaka kuwasimulia ni ya Septemba 24. Tulikuwa na vichapo 120, tumelingana na Mets, kimoja zaidi na rekodi ni yetu peke yetu. Nikatoka karakanani na mafuta mikononi, nikaenda uwanjani. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida ya msimu ule, wengine wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, imetobolewa macho. Walikuja kuishuhudia historia. Mpaka zamu ya nane tulikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Angels, uwanja unaimba kumtaka mmiliki auze timu, na watu wameshatoa simu ili wapige picha ya mwisho wa mechi. Basi wale vijana ambao mwaka mzima hawajui kupiga, wakapiga. Mara 2-1, mara 2-2, mara 3-2. Tumeshinda! Jirani yangu alivua mfuko wake wa karatasi, akaniangalia kwa hasira za kweli: "Hata kufungwa siku tuliyowaomba hawawezi." Nilicheka mpaka machozi. Wakashinda kesho yake, na kesho kutwa tena. Kichapo cha 121 kilikuja Ijumaa kule Detroit, 4-1, nikiwa chini ya lori, nimesikia kwenye simu ya mwenzangu. Halafu, kana kwamba ni kwa makusudi, wakashinda mbili za mwisho.

Hata zawadi ya wabovu tuliikosa. Ligi ina bahati nasibu ya kuwapa timu dhaifu nafasi ya kuchagua mapema vijana wapya. Lakini kanuni inasema timu yenye soko kubwa haiwezi kupata moja ya nafasi sita za juu miaka miwili mfululizo, na mwaka uliotangulia tulishachagua wa tano. Kwa hiyo timu mbovu kuliko zote ikachagua ya kumi. Huyo ndiye maskini anayeambiwa fomu za msaada zimeisha.

Mmeona nasema "sisi" na "tumefungwa", kana kwamba nacheza mimi. Miaka yangu ya kwanza hapa sikuwa na sentensi yenye "sisi" zaidi ya kuwazungumzia nyinyi. Kazini walikuwa "wao", jengoni "wao", hata kanisani nilikaa benchi la nyuma kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Siku niliyosema "tumefungwa" badala ya "wamefungwa" siikumbuki, ila najua nilikuwa kwenye treni, nimevaa kofia hii, na mama mmoja nisiyemjua akaitazama akatikisa kichwa, akasema pole. Watu wa mji huu hawaongei na wageni kwenye treni. Lakini kofia ya timu mbovu ni kama kitambaa cha msiba, kila mtu ana ruhusa ya kukusogelea.

Mama yeye siku hizi ananielewa, kwa sababu zake mwenyewe. Alipochaguliwa Papa Leo wa XIV mwezi Mei, mzaliwa wa Chicago, ikajulikana ni shabiki wa White Sox, tena mwaka 2005 alikuwepo uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali, mwaka tuliochukua ubingwa kwa kuwachapa Houston mechi nne kwa sufuri. Ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu 1917. Uwanjani wameweka picha yake ukutani karibu na kiti alichokalia. Nilimpigia Mama simu kumweleza, akakaa kimya, kisha akasema, "Basi si timu mbaya hiyo. Inajaribiwa tu." Kwamba wachezaji wanane wa timu hii walishtakiwa kuuza fainali ya mwaka 1919, mahakama ikawaachia lakini ligi ikawafungia maisha, hilo sijamwambia. Msimwambie.

Na wewe Baba mkubwa, kwa heshima zote, naomba radhi kwa kugusa kidonda: Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba tano kwa moja, ni nani aliyezima simu siku mbili mpaka Mama mkubwa akadhani umeugua? Ulihamia Jangwani, kwa Yanga? Jumapili iliyofuata nilitumiwa picha yako kibarazani, na fulana nyekundu ile ile iliyopauka shingoni.

Haya, bati. Hesabu niliyoletewa ni ya bati sitini na misumari yake. Nimeitazama wiki nzima. Safari hii sina yote, na sitakopa. Ijumaa natuma za bati thelathini, zianzwe upande wa chumba cha bibi maana ndiko kunakovuja. Zilizobaki ni mwezi wa pili, karakana ikichangamka, la sivyo wa tatu. Fundi aambiwe hivyo hivyo, asije akaezua nyumba nzima kwa kunitegemea mimi.