Ukisafiri peke yako, fika jua lingali juu

Wanawake wenzangu hapa Dodoma huniuliza kama siogopi kusafiri peke yangu, hasa ninapovuka mpaka. Naogopa, ila kinachonitia hofu zaidi ni saa ya kufika. Mji unaopendeza saa tisa alasiri huwa mzito saa nane usiku: vibanda vya kusajili laini vimefungwa, nyumba ya wageni haipokei simu, na anayekukimbilia stendi ni yule anayetaka kukubebea begi. Ndiyo maana mimi naanza kwa kupanga saa ya kufika, halafu ndipo natafuta basi.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yetu yameruhusiwa tena kutembea usiku. Ni nafuu kubwa kwa mwenye ndugu wa kumpokea. Wewe usiye na mwenyeji, mwulize mkata tiketi, "Tunafika saa ngapi?" kisha ongeza saa mbili juu ya jibu lake. Hata kwetu hapa, stendi kuu ya Nanenane iko mbali na katikati ya mji, na mgeni anayeshuka usiku hana nguvu ya kubishana bei na mtu wa bajaji.

Saa zenyewe nazo hubadilika njiani. Rwanda, Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda unaona umeongezewa muda, kumbe jua la Kigali linazama mnamo saa kumi na mbili jioni kwa saa yao, wakati Dodoma saa kumi na mbili ya kwetu bado kweupe. Hapo hapo Rusumo magari yanahamia upande wa kulia, kwa hiyo unapovuka barabara kwa miguu tazama kushoto kwanza. Pale darajani, tupa macho chini uone maporomoko ya mto Kagera. Wengi wanapita wakiwa wameinamia simu, na inanisikitisha.

Ethiopia ni kinyume chake. Kule wanahesabu saa kama sisi, asubuhi inaanza saa moja, na mwenye nyumba ya wageni akikuambia chai ni saa mbili, ni saa mbili ileile unayoijua. Tiketi ya ndege ndiyo inafuata saa za kimataifa, basi uliza upya kila unapopewa miadi. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ya kwanza tembea taratibu. Ngazi tu zinaweza kukukata pumzi.

Kwenda Malawi mimi napenda barabara, kwa sababu nchi inabadilika mbele ya macho. Unatoka Dodoma kwenye mibuyu na vichaka vikavu, unapita Bwawa la Mtera na samaki wake wa kukaanga, unapanda Iringa. Makambako upepo unakuchapa, Tukuyu ni migomba na chai mpaka unachoka kuhesabu aina za kijani, kisha unateremka Kyela kwenye joto na mpunga, na mpaka wa Kasumulu huo hapo. Sweta iwekwe juu kabisa ya begi, siyo chini ya viatu.

Mengine ni ya haraka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti. Mpakani badilisha hela ya kula na nauli ya siku hiyo tu, nawe uihesabu kabla hujatoa yako. Mtumie dada au rafiki namba ya basi. Na chumba cha wageni, jaribu komeo la mlango kwa mkono wako kabla ya kulipa. Likiwa limelegea, omba chumba kingine, na wakikosa, ondoka. Ukiwa umefika na jua, kuondoka kunawezekana.

Kama hujawahi kabisa kusafiri peke yako, usianze na mpaka. Anza na Kolo, kaskazini mwa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lami ya kwenda Babati inapita hapo hapo, na kuna ofisi ambako unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mzee aliyenipandisha kwenye miamba ya Mungomi, yenye michoro hiyo, alikuwa akinisubiri kila kwenye jiwe lenye utelezi: "Polepole, mwanangu, hawa hawaendi popote." Juu, chini ya mwamba ulioinama, kuna watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, mwingine ameinua mkono, na wanyama karibu yao. Mzee alionyesha kwa kijiti, akikiweka mbali na mwamba. Usiguse, na usimwagie maji ili picha itoke vizuri. Maji yameshaharibu michoro mingi duniani. Wenyeji bado wanafanya matambiko pale, kwa hiyo ukikuta kitu kimewekwa, kiache.

Panda basi la alfajiri Nanenane na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Kolo. Beba maji na chakula chako, vaa viatu vya kushika mwamba. Ukishuka mlimani na jua limeanza kulala, usilazimishe kurudi Dodoma. Tafuta gari la Kondoa mjini, lala huko, urudi asubuhi.