Maswali yenu: komamanga la Persephone, vyungu vya Adonis na asumini ya asubuhi

Tangu niliposema nataka kusoma mashairi yenu ya uzuri na uchakavu, yale yanayotokana na hadithi za Wagiriki na majira ya mwaka, ila bila kutaja kifo wala kuoza, maswali yamemiminika na mengi yanafanana. Nimechukua tisa. Wengine mtajiona humo humo.

Nina shindano Ijumaa, naomba stori ya Persephone kwa kifupi. (Dodoma)

Swali hili nimeshalijibu mara nne mwaka huu na kila mara anayeuliza ana shindano Ijumaa. Haya. Binti wa Demeter, mungu wa nafaka, alikuwa uwandani anachuma maua na wenzake, ardhi ikapasuka, Hades mwenye kuzimu akatoka na gari la farasi akamchukua. Mama akamtafuta siku tisa na mienge mikononi, hali wala haogi, alipojua binti yuko wapi na nani kamtoa akazuia nafaka zote zisiote mpaka watu wakawa hatarini kufa njaa na miungu wenyewe wakakaribia kukosa sadaka zao. Zeus, mkuu wa miungu na baba wa binti, akasalimu amri. Binti akarudishwa ila alikuwa keshakula komamanga kule chini, kwa hiyo kila mwaka lazima arudi huko kwa muda. Basi. Na shairi la Ijumaa lisipelekwe Ijumaa, lilaze ndani wiki tatu ulisome tena, utaona mistari inayonuka.

Mwalimu katuambia alikula mbegu sita ndo maana kuna miezi sita ya baridi. Ni kweli? (Kisumu)

Inategemea nani anasimulia, na hapo ndo pazuri. Utenzi wa zamani wa kumsifu Demeter, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 7 au ya 6 KK, una mistari 495 na ndani yake ni punje moja tu, tamu kama asali, Hades anampa kwa siri. Na muda ni theluthi ya mwaka chini, theluthi mbili juu kwa mama. Ovidius, mshairi wa Roma, miaka mia kadhaa baadaye, anasema binti mwenyewe alitunda komamanga bustanini akala punje saba, na mwaka unagawanywa nusu kwa nusu. Hizo sita ni za wasimuliaji wa baadaye waliotaka hesabu ikae sawa na miezi. Sasa wewe unayeandika shairi chagua. Punje moja ni kosa dogo kabisa, mtu kala kitu kimoja maisha yamebadilika, mimi naona ile ndo inauma zaidi. Punje saba ni njaa, ni msichana ambaye hajala siku nyingi. Hayo ni mashairi mawili tofauti, usiyachanganye.

Alafu jamani, mkitaka kuandika komamanga lipasueni kwanza. Sokoni lipo. Maji yake yakimwagikia kanga nyeupe hayatoki, utafua mpaka uchoke. Na likioza mara nyingi linaanza ndani, ganda jekundu linang'aa kabisa, unalikata unakuta moyo mweusi. Watu wananiletea "uzuri hupita kama ua" mara elfu wakati tunda lenye shairi zima tumboni linauzwa pale kwenye meza ya muuza matunda.

Shairi langu linaanza "Ewe masika majira ya maua, Persephone karejea". Wamelikataa. Kosa ni nini? (Morogoro)

Kosa ni masika. Nakuomba ukae chini tuongee kwa sababu hili linanikera kweli, na sio wewe peke yako.

Mmesoma mashairi ya Ulaya mkaona kuna majira manne, mkatafuta majina ya Kiswahili mkayabandika, masika ikawa ule wakati wao wa kuchipua, vuli ikawa wakati wa majani kudondoka. Masika ni mvua kubwa ya Machi mpaka Mei. Vuli ni mvua ndogo. Hamna jani linalogeuka dhahabu Morogoro mwezi wa kumi eti kwa sababu ya vuli, vuli inaleta kijani.

Hata huko Ugiriki kwenyewe mnakosea mkidhani kuzimu ya Persephone ni theluji na miti mikavu kama ya Uingereza. Ugiriki ngano inapandwa mvua za kwanza zikianguka, Oktoba na Novemba, inakaa kijani shambani baridi yote, inavunwa Mei na Juni. Baada ya hapo jua la Julai na Agosti linachoma nchi mpaka inakuwa kahawia. Ndo maana wapo wataalamu waliosema binti yuko chini wakati wa jua, maana ndo wakati nafaka imefichwa kwenye mashimo ya akiba. Utenzi wenyewe haukubaliani nao, unasema wazi kwamba anapanda juu ardhi ikijaa maua yenye harufu, lakini ubishi wenyewe unakuonesha kwamba hadithi ile imetoka kwenye shamba fulani na udongo fulani, watu walijua mbegu inaingia ardhini lini na inatoka lini.

Sasa shamba lako wewe linasemaje? Kwetu mvua inayootesha ndo hiyo hiyo inayoozesha. Masika hayo hayo mahindi yanapanda juu ya magoti, na ndani kabatini viatu vya ngozi vimeota ukungu mweupe, mkeka umeweka madoa, kitabu kimevimba. Wagiriki iliwabidi wafanye mkataba, binti akae chini kipindi hiki na juu kipindi kile, uhai na uozo wakawagawia nyumba mbili. Wewe unavyo vyote kwenye mwezi mmoja chini ya bati moja. Hilo ni shairi ambalo Mgiriki hakuwa nalo na unaliacha unaenda kuazima maua yake. Liandike upya, Persephone mwache au umlete, ila akija aje na viatu vyenye ukungu.

Naandika shairi la harusi ya rafiki yangu, nataka kuwafananisha na Hades na Persephone kwa jinsi walivyopendana. (Nairobi)

Usifanye hivyo. Hawakupendana. Kwenye utenzi alipiga kelele mpaka milima na vilindi vya bahari vikarudisha sauti yake, alimwita baba yake, na baba yake ndiye aliyemtoa. Zeus alishakubali na Hades, mama hakuambiwa. Waliosikia walikuwa miungu wawili, Hekate pangoni kwake na Helios wa jua. Hekate akamjia mama siku ya kumi, Helios akanyamaza mpaka alipofuatwa na kuulizwa. Mimi ninajua nyumba ambazo baba na ami zake walikaa sebuleni wakamaliza kila kitu, mama akapelekewa habari jikoni mkono ungali na unga, kwa hiyo nikisoma mistari ile naisoma kama habari ya mtaani kwetu.

Na angalieni mtego ulikuwa nini. Ulikuwa ua. Nargisi yenye vichwa mia kutoka mzizi mmoja, Gaia mungu wa ardhi aliiotesha kwa makusudi kumfurahisha Hades, harufu yake ikafanya mbingu na ardhi na bahari vicheke, msichana akanyosha mikono yote miwili. Mnaoandika uzuri kila siku kama baraka tupu, rudini hapo, uzuri mkubwa kuliko wote uwandani ulipandwa na mtu kwa kazi maalumu. Siku hizi naona picha na vimashairi vinazunguka vinamchora Hades kama bwana harusi mpole aliyeeleweka vibaya. Wasichana wadogo wanavisoma. Mimi siviungi mkono hata kidogo.

Lazima vina na mizani? (wengi, kila wiki)

Hapana. Lakini usivitukane kama hujawahi kuvihesabu.

Ua la anemoni lilitoka damu ya nani? (Mombasa)

Adonis, kijana aliyependwa na Aphrodite, mungu wa mapenzi, akauawa na nguruwe mwitu. Ovidius anasema Aphrodite aliinyunyizia damu kinywaji cha miungu na haikuisha saa likatoka ua la rangi ya komamanga, ila halidumu, limeshika kidogo tu, upepo unalipukusa, na jina lake ndo limetokana na huo upepo.

Hukuuliza lakini nakuongezea, maana hili ndo nalipenda kuliko yote. Wanawake wa Athens walikuwa na sikukuu ya kumlilia Adonis wakati wa joto. Walichukua vigae na vyungu vilivyovunjika, wakatia udongo, wakapanda saladi, shamari, ngano, shayiri, alafu wakapanda ngazi wakaviweka juu ya paa. Jua la paani, udongo kiganja kimoja, mbegu zinachomoza upesi sana, kijani kizuri cha kung'aa, na zinanyauka hapo hapo kwa sababu mizizi haina pa kwenda. Plato, mwanafalsafa wao, alivitaja akasema mkulima mwenye akili hapandi mbegu yake ya maana humo akafurahia kuona imependeza ndani ya siku nane. Mwishoni wakavibeba wakaenda kuvitupa majini wanalia.

Kipande cha chungu, siku nane, ngazi, kilio. Hawakusema "uzuri ni wa muda", walipanda saladi juu ya paa lao wakaiacha ife. Anayenitumia shairi lenye neno "milele" mara tatu nitamrudishia hiki kisa. Na Plato mimi simfuati hapo, mkulima ana haki yake lakini wale wanawake hawakuwa wanalima, walikuwa na msiba.

Kuna maneno ya Sappho kuhusu uzuri yanazunguka wasap, ni yake? (Dar es Salaam)

Uliyonitumia, aya nzima yenye "ulimwengu" na "nafsi", siiamini hata kidogo. Sappho ni mshairi mwanamke wa Ugiriki ya kale. Wa kale walikuwa na vitabu tisa vya mashairi yake, sisi tumebakiwa na shairi moja kamili na vipande vipande, vingine neno moja tu kwenye karatasi ya mafunjo iliyoliwa. Kwa hiyo ukikutana na Sappho anayeongea vizuri sana mistari kumi mfululizo bila pengo, shtuka.

Kilicho chake kweli ni hiki, kilichapishwa kwa ukamilifu zaidi 2004 baada ya mafunjo yaliyoko Köln, Ujerumani, kusomwa. Anawaambia wasichana wadogo kwamba nywele zake zilikuwa nyeusi sasa nyeupe, na magoti hayambebi, yale magoti yaliyokuwa mepesi kucheza kama watoto wa paa. Anauliza nifanyeje. Alafu anamtaja Tithonus, kijana mzuri aliyechukuliwa na Eos, mungu wa alfajiri, akapelekwa mwisho wa dunia, akazeeka huko na mke asiyekufa. Utenzi mwingine wa kale unaeleza zaidi, Eos alimwombea asife akasahau kumwombea asizeeke, mwishowe hawezi kuinua mkono, akafungiwa chumbani, sauti inatiririka tu bila kukoma. Wa baadaye wakasema aligeuka nyenje. Mimi nimeuguza bibi yangu miaka sita na kile chumba chenye sauti nakijua. Someni magoti yale, hajasema "uzee umenifika", kasema magoti.

Sisi Waswahili hatuna yetu ya namna hii mpaka twende Ugiriki? (Zanzibar)

Tunayo na wewe uliye Zanzibar ulipaswa kuwa unanifundisha mimi. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa ya 19, mji ukiwa umeshaporomoka. Zile nyumba za mabwana zilikuwa na madaka ukutani ya kupanga sahani za Kichina. Yeye anaingia anakuta madaka yale makinda ya ndege yamelala, bundi anakoroma katikati ya nyumba, popo wananing'inia juu, buibui wametanda. Ukisimama leo kwenye magofu ya Pate au Gede madaka unayaona kwa macho, matupu.

Lakini msiyalinganishe kijuujuu ili mpate alama za mtihani. Binti wa Demeter anarudi. Sahani za Pate hazirudi, Sayyid Abdalla anaambia moyo wake jiandae na uendako. Mwenye kuandika lazima ajue anasimama kwenye uozo upi, wa mbegu au wa nyumba. Mashairi mengi mnayonitumia yanaanza na nyumba iliyobomoka yanamalizia na ua linalochipua, na katikati hamna sababu yoyote, mshairi kaogopa tu kutuacha na gofu.

Unasema tusitaje kifo wala kuoza. Basi tuoneshe wewe. (Tanga)

Sawa, ni haki yako. Nimeandika ubeti huu kuhusu kikuba, maana Tanga hamhitaji maelezo, wengine jueni ni kishada cha maua ya kunukia, asumini inachumwa jioni ingali imefumba, inatungwa, inafunguka usiku:

Jioni yalifumbika, nikayatunga uzini,
Usiku yakafunguka, yakanukia nyweleni,
Asubuhi yamechoka, kahawia ukingoni,
Na mto bado wanuka, nawe hupo kitandani.

Sio ubeti mkubwa ila kila kitu humo nimekiona. Ule ukingo wa kahawia unaanza kwenye ncha za petali unaingia ndani, ukiligusa ua linakuwa kama karatasi iliyolowa. Na mstari wa pili ni "yakanukia", wa nne ni "wanuka". Mhariri mmoja alinisahihishia akaweka "wanukia" akidhani nimekosea neno. Sikukosea. Lala na kikuba uamke nacho, uinuse foronya kabla hujafungua dirisha.