Maswali ya Wasomaji: Jina Lisilosomeka kwenye Santuri

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Moshi. Marehemu babu yangu alituachia gramafoni na santuri chache za Kijerumani alizopewa na mwenye shamba la kahawa alikokuwa akifanya kazi. Wimbo mmojawapo umewapendeza mno wanakwaya wetu, nasi tunakusudia kuuimba kwa Kiswahili. Karatasi ya katikati ya santuri imechakaa, ila bado panasomeka “Dein ist mein ganzes Herz”, “Lehár” na “Tauber”. Nimeelezwa kwamba Lehár alitunga muziki na Tauber ndiye mwimbaji. Je, maneno aliyaandika nani? — Mwalimu wa kwaya, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa kuuliza swali ambalo wapenzi wengi wa wimbo huo hawajawahi kuuliza. Maneno yake yaliandikwa na Fritz Löhner-Beda, akishirikiana na Ludwig Herzer, kwa ajili ya opereta iitwayo Das Land des Lächelns, yaani Nchi ya Tabasamu, iliyoonyeshwa Berlin tarehe 10 Oktoba 1929. Opereta ni mchezo wa jukwaani ambamo wahusika huzungumza kama watu wa kawaida, na hisia zinapowazidi huimba. Katika mchezo huu mwanamfalme Sou-Chong anamwimbia Lisa, binti wa Vienna aliyemfuata mpaka China, kwamba moyo wake wote ni mali ya Lisa. Baadaye mila za kwao zinamtaka aoe wake wanne, Lisa anarudi kwao, na mwanamfalme anabaki akitabasamu ilhali ndani anaungua.

Löhner-Beda alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 huko Bohemia, sehemu ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, katika familia ya Kiyahudi iliyohamia Vienna angali mdogo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Bedřich Löwy. Familia ilibadili jina la ukoo kuwa Löhner mwaka 1896, naye akabaki na “Beda”, kifupi cha Bedřich, kama jina la kalamu. Alisoma sheria mpaka shahada ya udaktari, lakini riziki aliitafuta kwa kuandika, hasa beti za tashtiti kwa ajili ya magazeti. Naamini huko ndiko alikojifunza kazi, kwa sababu beti ya gazetini haina nafasi ya maneno ya kujazia: msomaji asipoelewa mstari wa kwanza, hugeuza ukurasa.

Ustadi huo ndio uliomwezesha kuandika nyimbo zilizoimbwa na kila mtu. Mwaka 1923 aliupatia wimbo wa Kimarekani kuhusu ndizi maneno mapya ya Kijerumani, ambamo mwanamume analalamika kwamba mpenzi wake hataki kingine ila ndizi. Kwetu chini ya Kilimanjaro ombi hilo lisingemsumbua mtu, lakini Vienna halikuwa jambo jepesi. Aliandika pia wimbo kuhusu moyo uliopotea Heidelberg, mji wa Ujerumani, na pamoja na mwandishi mwenzake Alfred Grünwald akamwandikia mtunzi wa muziki Paul Abraham maneno ya opereta tatu kati ya 1930 na 1932. Wapenzi wa kandanda wajue pia kwamba alikuwa mmoja wa waasisi wa klabu ya Hakoah ya Vienna mwaka 1909, klabu iliyotwaa ubingwa wa Austria mwaka 1925.

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ya Wanazi iliimeza Austria, na tarehe 13 mwezi huohuo akakamatwa. Alipelekwa kwanza kwenye kambi ya mateso ya Dachau, kisha ile ya Buchenwald. Mwishoni mwa mwaka huo wakuu wa kambi walitaka uwepo wimbo wa kambi. Löhner-Beda aliandika maneno, na mfungwa mwenzake, Hermann Leopoldi, akatunga muziki. Lakini kwa kuwa kazi ya Wayahudi isingekubaliwa, wimbo uliwasilishwa na mfungwa mwingine kana kwamba ni wake. Maelfu ya watu waliosimamishwa kwenye baridi wakihesabiwa walilazimishwa kuuimba, na ndani ya kiitikio alikuwa ameficha ahadi: hata hivyo tutayakubali maisha, maana siku itafika tutakuwa huru. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambini, aliyachukua maneno hayo kuwa jina la kitabu chake mwaka 1946.

Wakati huo opereta za Lehár ziliendelea kuchezwa Ujerumani, huku majina ya waandishi wake Wayahudi yakiondolewa kwenye programu za ukumbini. Mwaka 1940 Lehár alitunukiwa nishani ya Goethe. Aliyemwandikia maneno alikuwa akibeba mawe. Mwaka 1942 mke wake Helene na binti zao wawili walisafirishwa hadi Maly Trostinec, karibu na Minsk, wakauawa. Yeye alihamishiwa kambi ya Auschwitz mwezi Oktoba. Kwa ushahidi uliotolewa baadaye, wakurugenzi wa kampuni ya IG Farben waliokuwa wakikagua kazi walilalamika kwamba anafanya kazi polepole, naye akapigwa. Alifariki tarehe 4 Desemba 1942, akiwa na umri wa miaka 59.

Sasa nirudi kwa wanakwaya wako. Sikiliza tena santuri hiyo, uhesabu silabi za mstari wa kwanza: ni sita, na mkazo uko kwenye ya kwanza, ya nne na ya sita. Ugumu ni kwamba mstari wa Kijerumani unaishia kwenye silabi moja nzito, “Herz”, wakati neno la Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Napendekeza mwimbe “Wako ni moyo wangu”, mkiigawa noti ya mwisho mara mbili ili “wa” ipate uzito na “ngu” ishuke taratibu. Tutalipoteza neno “wote”, lakini mnaweza kulirudisha katika mstari unaofuata. Kwenye programu yenu mwandike: muziki, Franz Lehár; maneno, Ludwig Herzer na Fritz Löhner-Beda; kisha jina la aliyetafsiri.