Ukitaka kubuni trokari, anzia kwenye mtungi wa gesi

Mwezi huu vijana watatu wa vyuo vya ufundi wameniandikia, kila mmoja kwa wakati wake, wakiuliza jambo moja: wanataka kubuni vifaa vya bei nafuu vya upasuaji wa matundu madogo, waanzie wapi? Wote wamenitumia michoro, na michoro yote ni ya ncha ya trokari, chombo cha kutobolea tundu; ncha ndiyo sehemu kali inayotoboa ukuta wa tumbo. Nawaelewa. Ncha inatisha, na jambo linalotisha humvuta mbunifu. Lakini nimeshinda na vifaa hivi miaka 12 hapa Kigoma, kwanza nikiwa fundi wa vifaa tiba hospitalini, sasa nikiwa na wenzangu wawili kwenye karakana yetu ya Mwanga, na ninawajibu wote kwa pamoja: wekeni ncha kando kwanza. Nendeni mkautazame mtungi.

Kwa ambaye hajawahi kuingia chumba cha upasuaji, kazi yenyewe iko hivi. Daktari hapasui tumbo kwa mkato mrefu. Anatoboa matundu matatu au manne, mengine ya milimita 5, mengine ya 10 au 12, na katika kila tundu anaacha bomba fupi liitwalo kanula. Humo ndimo kamera na vyombo vinapopita. Ila tumboni hakuna nafasi, matumbo yamelaliana, kwa hiyo anaingiza gesi ya kaboni dayoksaidi mpaka ukuta wa tumbo unyanyuke kama turubai lililoshika upepo. Kwa mtu mzima presha yake huwa milimita 12 hadi 15 za zebaki. Ni presha ndogo mno. Ukiigeuza kuwa maji ni kimo cha sentimita 16 hadi 20 tu. Ishikeni namba hiyo, nitairudia.

Kuna anayeniuliza kila mwaka kwa nini tusitumie kompresa ya kawaida tuachane na gharama za mitungi. Hapana, na tena hapana. Kaboni dayoksaidi haishiki moto, na mle ndani daktari anatumia umeme kukata na kuziba mishipa. Pia ikipenya kwenye damu inayeyuka haraka na mgonjwa anaitoa kwa kupumua. Hewa ya kawaida ikiingia mshipani inabaki kama povu, na povu hilo likifika moyoni linaweza kuua.

Habari ya mtungi nilijifunza kwa uchungu. Ilikuwa hospitali moja nisiyoitaja, mgonjwa ni mama aliyekuwa anaondolewa kifuko cha nyongo. Asubuhi nilisoma geji ya presha ya mtungi: bar 55. Nikaridhika. Katikati ya kazi nikaitazama tena: bar 55. Dakika chache baadaye sindano ya geji ikaanguka kana kwamba mtu ameisukuma. Daktari akasema bila kugeuka, "Fundi, tumbo linashuka." Mtungi wa akiba haukuwapo. Ikabidi afungue tumbo kwa mkato mrefu, ule ule ambao mama yule alikuwa ameambiwa hatapata. Alipona, namshukuru Mungu, lakini niliendelea kumwona wodini siku baada ya siku, anatembea ameshika ubavu, na kila nilipompita nilijua geji haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya.

Ndani ya mtungi gesi hiyo imekaa kama kimiminika. Geji inasoma presha ya mvuke uliokaa juu yake, na presha hiyo inafuata joto, haifuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 20 ni kama bar 57, ukiuacha mtungi juani inapanda. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiwa na vikombe viwili vya kimiminika husoma sawasawa. Sindano huanza kushuka pale tu kimiminika kinapokwisha kabisa, na hapo muda wako umekwisha pia.

Dawa yake ni mizani. Tulipoanza hatukuwa nayo, nikaufunga mtungi wima kwenye bajaji nikaupeleka Kibirizi kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Akauangalia, akanifutia magamba kwenye sahani ya mizani kwa kanga kuukuu, akauliza, "Mwanangu, na huu nao unauzwa kwa kilo?" Nikamjibu ndiyo, mama, huu hauna kipimo kingine. Shingoni mwa kila mtungi wamegonga namba za uzito wa mtungi mtupu. Unaondoa hizo kwenye ulichopima, kinachobaki ni gesi, na kilo moja hutoa zaidi ya lita 500. Nikaandika kwa chaki ubavuni: kilo 3 na nusu. Mpaka leo kila mtungi unaoingia karakana yetu una chaki ubavuni, na hospitali mbili ninazozihudumia zimenunua mizani zao.

Sasa mtauliza, hili linahusiana nini na kubuni trokari? Linahusiana kila kitu. Tumbo la mtu mzima hujaa kwa lita chache, tatu mpaka tano hivi. Gesi yote inayofuata inafidia inayovuja, na inavujia kwenye kanula zako. Mitungi yetu inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mpira mmoja mbovu ndani ya kanula unaweza kumaliza mtungi uliotarajiwa kutosha wagonjwa wengi. Kwa hiyo ukibuni njia ya vyombo na njia ya gesi kama miradi miwili tofauti, umekosea kabla hujashika kalamu. Ni kifaa kimoja.

Chukua kanula ya kununua uifungue polepole juu ya kitambaa cheupe, maana vipande vyake ni vidogo na vikianguka sakafuni huvipati. Utakuta mipira miwili. Wa kwanza una tundu katikati, kazi yake ni kukumbatia chombo kikiwa ndani. Wa pili umekatwa kama mdomo wa bata, unajifunga chombo kikitoka. Zile za chuma za zamani zina kitufe cha kubonyeza kwa kidole badala ya mdomo wa bata. Shika ule mdomo wa bata uukaze kwa vidole mpaka ufunguke, kisha uachie. Ukikutana tena bila kuacha mwanya, una afya. Ukiona mstari wa mwanga, gesi inapita hapo usiku na mchana.

Toleo letu la kwanza la kanula tulilipima kwenye beseni la maji. Tulisukuma chombo ndani na nje zaidi ya mara 100, hatukuona povu hata moja. Tukafurahi sana. Daktari mmoja akaja kulijaribu, akashika chombo, akakiinamisha, na maji yakabubujika. Sisi tulikuwa tukisukuma wima, naye hafanyi kazi wima. Ukuta wa tumbo ndio egemeo lake: mkono ukienda kulia, ncha inakwenda kushoto, na chombo kinalala pembe kila dakika. Kikilala, tundu la mpira linavutwa linakuwa kama yai, na upande mmoja unaachia. Basi pimeni mkiwa mmeinamisha, pande zote nne, na kwa chombo cha milimita 5 ndani ya kanula ya 10 pia, kwa sababu atafanya hivyo.

Msijibu tatizo hilo kwa kukaza mpira. Mpira uliokaza mno unamnyima daktari hisia za vidole, na akichomoa chombo, kanula nzima inafuata. Tulipata nafuu tulipouacha mpira uelee kidogo ndani ya nyumba yake, ufuate chombo kinakoegemea. Kwa nje tulichonga vijifereji vya kuzunguka kwenye bomba ili lishike ngozi. Na tafadhali msipake mafuta ya kujipaka ya watoto kwenye mpira wa asili ili chombo kiteleze. Mwenzetu alifanya hivyo, mipira sita ikavimba na kulegea ndani ya wiki moja.

Kwenye gesi nako kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Mashine ya kujaza gesi inaweza kuandikwa lita 40 kwa dakika, lakini gesi haipiti kwa maandishi, inapita kwenye tundu lililo jembamba kuliko yote njiani. Katika bomba jembamba, ukipunguza kipenyo kwa nusu, mtiririko unashuka mpaka moja ya kumi na sita. Sindano ya Veress, ile ya kuingizia gesi tumboni mwanzoni, iliyo na unene wa kama milimita 2, hupitisha lita mbili tatu tu kwa dakika hata ukiifunga kwenye mashine ya bei gani. Kanula ni pana, lakini ukiingiza chombo, gesi inabaki na ule mwanya mwembamba wa pembeni. Kwa hiyo msishindanie mashine kubwa, panueni kijibomba cha gesi kilicho pembeni mwa kanula na koki yake. Nasi hushauri gesi isiingizwe kwenye kanula ya kamera. Ni kavu na ya baridi, inapiga kioo ukungu. Manesi wetu huweka chupa ya chai yenye maji safi ya moto kwa ajili ya kioo hicho, na bado ni bora kutouchokoza ukungu.

Sasa turudi kwenye ile presha ya sentimita 20 za maji. Kigoma tumeishi na jenereta na kukatika kwa umeme miaka mingi, na hiyo imetufundisha kutoiamini saketi peke yake. Jioni moja tulikuwa tunajaribu mashine yetu ya kujaza gesi kwenye mfuko wa plastiki, umeme ukakatika, ukarudi, na programu ilipoanza upya ikaiacha vali wazi. Mfuko ukaanza kuvimba. Kilichotuokoa ni chupa ya maji iliyokuwa mezani, na mrija uliozama ndani yake sentimita 20 kamili. Presha ilipovuka hapo, gesi ikachagua kutoka kwa mrija, maji yakabubujika, na mfuko ukatulia. Chupa hiyo ni ya mezani tu, haiingii chumba cha upasuaji, lakini kanuni yake iko ndani ya kila mashine tunayoitengeneza: vali inayojifunga yenyewe umeme ukiondoka, na kifungulio cha presha cha springi kisichotegemea umeme wala programu. Ongezeni kichujio cha kuzuia majimaji kati ya mashine na mgonjwa, na mashine ikae juu kuliko mgonjwa, kwa sababu gesi ikiisha tumbo linaweza kurudisha damu kwenye bomba la kupitishia gesi.

Jambo moja sitaki mlijaribu hata kwa siku moja: bomba la chuma lenye kola ya plastiki. Linavutia, plastiki ni rahisi na inashika ngozi vizuri. Lakini chombo cha umeme kinapopita ndani yake, bomba la chuma hukusanya umeme hata bila kuguswa. Likiwa chuma tupu, umeme huo hutawanyika kwenye ukuta wa tumbo bila madhara. Ukiliwekea kola ya plastiki umeufungia, nao utatafuta njia kwenye utumbo uliogusana na bomba, na daktari hataliona jeraha kwa sababu liko nje ya kamera. Chuma kitupu au plastiki tupu, basi.

Na ile ncha? Mwaka 1971 daktari Harrith Hasson wa Chicago alieleza njia ya kuingia bila ncha kali kabisa: mkato mdogo, daktari anaona kila tabaka, kisha kanula butu. Hata sindano ya Veress ilitoka kwa daktari wa Hungaria, János Veres, aliyekuwa akitibu kifua kikuu, na ubora wake uko kwenye springi inayosukuma kijiti butu mbele pindi ukuta unapopenywa. Kaskazini mashariki mwa India wapo wanaofanya upasuaji huu vijijini bila gesi, ukuta wa tumbo unainuliwa kwa mkono wa chuma. Someni hayo kabla ya kutumia hela kwa fundi wa kunoa.

Hakuna kinachomgusa mgonjwa kabla ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kamati ya maadili ya utafiti kupitisha. Anzeni kuzungumza nao mapema, mkiwa bado mna mchoro.

Sisi tuko toleo la nne. Halivuji likiinamishwa, lakini baada ya kupita otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, ya nyuzi 134 mara 40 hivi, mdomo wa bata unaanza kukakamaa na ule mstari wa mwanga unaonekana. Tunataka ufike mara 100. Jumamosi karakana iko wazi kuanzia saa tatu asubuhi. Ukija, njoo na mpira wako, hata kama ni kipande tu. Beseni tunalo.