Vijiwe ndani ya ini: kwa nini vilipita bila kuonekana?

Swali: Daktari, mama alifanyiwa ERCP, tukaambiwa mirija ya nyongo ni misafi. Baada ya miezi miwili homa na manjano vikarudi, na MRI ikaonyesha vijiwe kwenye ini upande wa kushoto. Vilipitaje?

Jibu: Poleni sana. Katika ERCP tunapitisha kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, tunaingiza kijimrija kwenye tundu la nyongo, tunasukuma dawa ya rangi, kisha tunapiga eksirei. Dawa hiyo hufuata njia nyepesi na kurudi utumbini, hasa kama tundu limeshapanuliwa. Vijiwe vya ndani ya ini navyo hupenda kukaa nyuma ya mrija uliobana, dawa isikofika. Picha inatoka nzuri, mirija ikionekana kama mti na matawi yake, kumbe tawi zima halimo! Ndiyo maana nawasihi madaktari wenzangu wahesabu matawi kabla ya kuandika "misafi". Puto dogo likijazwa ndani ya mrija mkuu huziba njia ya kurudi, na dawa hulazimika kupanda ndani ya ini. MRI ipigwe kabla, ili ijulikane tawi lipi la kutafuta.

Swali: Kwa nini walimgeuzageuza mama kitandani?

Jibu: Dawa ya rangi ni nzito kuliko nyongo, hutuama. Ukilala kifudifudi, mirija ya kushoto hujaa kwanza kwa kuwa iko mbele. Ukilala chali, hujaa ile ya nyuma upande wa kulia. Halafu kiputo cha hewa hufanana mno na kijiwe, ila ukigeuzwa huelea juu. Afadhali kijimrija kijazwe dawa kabla ya kuingizwa, hewa itoke.

Swali: Dawa ikikolea, si tutaona vizuri zaidi?

Jibu: Hapana, hufunika vijiwe vidogo. Tunaizimua.

Swali: Kamera haiwezi kuingia kwenye mrija wenyewe?

Jibu: Inaweza, ikiwa nyembamba. Taiwan, Korea na Japani, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko kwetu, huipitisha hata kwenye ngozi ya tumbo moja kwa moja hadi ini.

Swali: Nini cha kuogopa?

Jibu: Kongosho kuvimba, na maambukizi. Dawa ikisukumwa nyuma ya kizuizi bila kuachiwa njia ya kutokea, vijidudu huingia kwenye damu. Nyongo ivutwe kwanza, na kila tawi lililojazwa liachwe likitiririka. Ukirudi nyumbani ukapata homa na kutetemeka, nenda hospitali usiku huohuo.