Kijana, Rangi Ni Kazi ya Mwisho: Datsun 240Z Niliyoinyoosha Uani Kwangu

Juma lililopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Shikamoo mzee. Nimeziona picha za Datsun yako. Marehemu mjomba ameniachia 260Z, imekaa miaka chini ya mwembe. Nataka kuipiga rangi mwenyewe nyumbani. Ninunue rangi gani?"

Marahaba mwanangu. Nimekujibu kwa ufupi, lakini wengi huniuliza swali hilohilo, basi leo nalijibu kwa urefu. Wote mnaanza na rangi. Mimi nilipoanza, rangi ilikuwa jambo la mbali kabisa, na ndiyo sababu gari langu leo likisimama juani hapa Mombasa watu wanalizunguka mara mbili.

Wanaolijua gari hili hawahitaji kuelezwa. 240Z ilitoka Japani mwaka 1969, injini ya silinda 6 za mstari mmoja, lita 2.4, boneti ndefu kuliko nusu ya ndoto za kijana yeyote wa enzi zile. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya magari ya Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, Mehta akiwa amelingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Magari ya kiwanda yalikuwa mekundu, boneti jeusi lisilong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Nimekua nikisikia majina hayo kwa wakubwa zangu kama wengine wanavyosikia majina ya wachezaji wa mpira. Nilipoipata yangu, sikuwa nanunua chombo cha kunifikisha sokoni.

Na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma. Niliipeleka kwenye karakana moja yenye sifa, nikalipa nilichoambiwa, nikasubiri miezi juu ya miezi. Ilirudi inang'aa. Mke wangu alipiga vigelegele. Masika ya pili, vipele vikaanza juu ya magurudumu ya nyuma, kisha chini ya milango, kisha pembezoni mwa mlango wa nyuma. Nikachukua bisibisi nikakwaruza. Chini ya rangi nzuri kulikuwa na puti, ile dawa ya kujazia mabonde, nene kama kidole, chini ya puti wavu wa waya, na chini ya wavu hapakuwa na kitu. Bati lilikwisha kuliwa zamani. Fundi alilijua hilo siku ile ile alipoliona. Nilipomrudia akaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Bado nikilikumbuka neno lile napandwa na hasira, wala sijioni mkosa kwa hilo.

Siku hiyo niliamua hakuna mkono mwingine utakaoligusa.

Kwa hiyo kijana wangu, kabla ya kutafuta rangi, tafuta sumaku. Ifunge kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe bodi nzima. Pale inapolegea kushika, pana puti nene au hapana bati. Kisha ng'oa viti, ng'oa mazulia, na ubandue zile pedi za lami zilizogandishwa sakafuni, maana maji hukaa chini yake miaka yote kimya kimya. Kwenye Datsun hizi za Z, yangu na yako, tazama kwanza sinia ya betri, sakafu na reli zilizo chini yake, shimo la tairi la akiba, matao ya magurudumu ya nyuma, na ile sehemu nyuma ya madigadi ya mbele ambako tope hujikusanya. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo fungua uone. Ya nyuma yamechomelewa, hapo utalazimika kukata.

Kukata ndiko kunakotisha watu. Gari hili halina chasisi peke yake, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata vizingiti vya chini ya milango bila kuweka nguzo za chuma ndani, gari litajikunja kidogo na mlango hautafunga tena maisha. Mimi nilichomelea nguzo kutoka bawaba za mlango hadi nguzo ya nyuma, nikaliacha gari limekalia mahali pa magurudumu yake, na sikukata upande wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Kila kipande kikiingia, narudisha mlango, natazama nafasi pande zote. Mlango ukikaa sawa ndipo naendelea.

Nilinunua mashine ndogo ya kuchomelea ya MIG, nikafanya mazoezi kwenye mabati chakavu mpaka mshono ukanipendeza. Bati jembamba halitaki mstari mmoja mrefu; litapinda kwa joto. Piga nukta hapa, nukta kule mbali, ngoja lipoe ushike kwa mkono, ndipo ujaze katikati. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine: upepo. Gesi inayolinda mshono hupeperushwa na kusi, ukabaki na mshono wenye matundu kama mkate wa mofa. Nilizungusha maturubai uani, nikachomelea ndani yake nikitiririka jasho. Jirani alidhani nimejenga banda la kuku.

Kuhusu kutu, nasema na nitarudia: itoe yote. Usiipake dawa ukaifunika, usiifunike kwa puti, usijiambie kipande hiki ni kidogo. Itoe mpaka uone chuma cheupe. Na chuma kikishakuwa cheupe, kwa hewa hii ya chumvi usikilaze. Kipe praima ya epoksi, ile rangi ya chini inayokinga chuma, siku hiyo hiyo. Mimi nilifanya paneli moja moja kwa sababu hiyo: asubuhi nasafisha, jioni epoksi iko juu.

Puti si haramu. Haramu ni kuifanya bati. Juu ya epoksi, baada ya kugonga bati likakaribia umbo lake kwa nyundo na chuma cha kushikia nyuma, tabaka jembamba la milimita chache linatosha. Hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, ni kama asilimia 2. Wanaoizidisha ili ikauke haraka hupata madoa yanayopanda hadi kwenye rangi. Usiisugue kwa maji, puti hunywa maji, na maji hayo utakutana nayo tena. Tumia ubao mrefu wa msasa, nenda mshazari huku na mshazari kule, namba 80 kisha 180. Mkono mtupu huchimba mabonde usiyoyaona. Pulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi juu, sugua: peusi pakibaki, pana bonde. Niliishi na vumbi lile muda mrefu mpaka watoto wakawa wanalichora kwa vidole. Kisha praima nzito ya kujazia mikwaruzo, msasa 320, kisha 600. Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo gari linapokuwa zuri au baya.

Sasa rangi, mliyokuwa mnaingojea.

Praima nzito na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, nyingi za siku hizi zina hadina yenye kemikali iitwayo isosianeti. Hiyo si harufu tu ya kukuumiza kichwa. Inaweza kukupa pumu, na ukishaipata, hata mvuke kidogo baadaye utakubana kifua. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Nilitumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na suti, glovu na miwani, kwa sababu isosianeti hupita hata kwenye ngozi na macho. Watoto nje ya nyumba, jiko limezimwa, hakuna sigara, maana mvuke wa thina unawaka. Kama huwezi kupata barakoa ya namna hiyo, basi fanya mengine mwenyewe, na praima nzito na klia ukazipulizie kwenye chumba cha rangi cha mtu mwenye vifaa. Nasema hivyo ingawa najua nilivyotendwa. Mapafu hayachomelewi.

Nilingoja mvua zikatike. Nikaanza saa nne asubuhi, umande umekauka na upepo wa bahari haujashika. Sakafu ya banda niliilowesha ili vumbi lisinyanyuke. Kompresa ikipata moto hutoa maji, basi mwaga maji ya tangi kabla ya kuanza, weka kichujio cha maji mwisho wa bomba mbali na kompresa, la sivyo utapulizia matone. Thina iwe ya kukauka polepole. Hii ya haraka kwa joto letu inakauka kabla haijatua, rangi ikawa kama mchanga. Bunduki ya rangi iwe ya tundu la milimita 1.3 au 1.4, mkono uende sambamba na bodi bila kuzunguka kwa kiwiko, kila mstari ufunike nusu ya uliopita. Futa mafuta kwanza, na ukishafuta usiguse kwa kidole. Nyekundu haifuniki kirahisi, iwekee praima ya rangi inayokaribiana nayo na uipe tabaka zake bila pupa, ukingoja kila moja ifubae.

Nilichagua nyekundu na boneti jeusi. Mnajua kwa nini.

Vijana wa leo mnataka picha. Mnataka gari la kijivu mwezi huu, jekundu mwezi ujao. Nawaambia kwa mapenzi: gari halikuoneshi chochote kwa haraka hiyo. Yule fundi aliyenitenda naye alikuwa na haraka, na haraka yake nimeilipia mimi. Kazi ya pale pasipoonekana ndiyo inayomtofautisha mwenye gari na mpita njia. Toeni kutu. Subirini. Toeni kutu.

Klia ikishakuwa ngumu sawasawa, msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi kwa mashine ya mwendo wa chini, na kingo uziwekee utepe maana hapo klia ni nyembamba.

Kazi haijaisha bado. Kabla ya kurudisha mazulia na mapambo, pulizia nta ya maficho, ile ya kuzuia kutu mahali pasipofikika, ndani ya vizingiti, ndani ya milango, ndani ya matao ya nyuma, kwa mpira mwembamba unaopita kwenye matundu. Hakikisha matundu ya chini ya kutolea maji hayajazibwa na rangi wala nta. Ingiza waya kila moja. Mimi huipulizia upya kila mwaka kabla ya masika, na kila mwaka natazama palepale karakana ile ilipoficha.